Kapu, kaki, mbadala au kiroba: ubebe nini kwenda Majengo?

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu kuna msumari. Juzi nilishusha vyote vilivyoning'inia pale nikavihesabu. Mifuko mbadala, ile iliyokuja baada ya rambo kupigwa marufuku, kumi na tisa, ya bluu, ya kijani, na mmoja mweusi uliobakiwa na mpini mmoja. Mifuko minne ya kaki iliyokunjwa. Kiroba cha unga kilichoshonewa mikanda. Na kikapu cha milulu alichoniletea mama kutoka Iringa, ambacho nacho ndani yake nilikuta mifuko mbadala mingine saba. Mtu anayejiona anajali mazingira, kumbe kwake kuna duka la mifuko.

Yote ishirini na sita nimeinunua kwa namna ile ile. Natoka kazini, napitia soko la Majengo, hapa Dodoma, bila kupanga, nachukua nyanya, vitunguu na bamia, kijana wa mezani ananitazama mikono mitupu na kuuliza, "Dada, nikuwekee mfuko? Mia mbili tu." Nitakataaje, nyanya nizishike kwa meno?

Kwa hiyo nimekaa chini nikailinganisha. Sitafuti mfuko mmoja wa kumfaa kila mtu, maana anayenunua fungu la mchicha kila jioni na anayepakia mahitaji ya mwezi mzima siku ya mshahara hawana shida moja.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Mabishano ya mifuko hayafiki mbali kwa sababu kila mmoja anapima chake. Huyu anasema kaki ni nzuri kwa kuwa inaoza. Yule anasema mbadala ni nzuri kwa kuwa inadumu. Wote wako sahihi, ila wanajibu maswali tofauti. Mimi nimeupitisha kila mfuko kwenye maswali manne.

La kwanza ni la kiwandani: umekula nini hadi ukawa mfuko? Mafuta, miti, maji, umeme, safari ya lori. La pili ni la mkononi: utakwenda nao sokoni mara ngapi kabla haujakatika mpini? Hili lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu madhara yote ya kiwandani yanagawanywa kwa idadi ya safari. Mfuko mbaya uliotumika mara mia unaweza kuushinda mfuko mzuri uliotumika mara moja.

La tatu ni la jalalani, na hapa Dodoma tuna sababu zetu za kulitazama kwa makini. Mvua yetu ni ya miezi michache, Desemba mpaka Aprili hivi, milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Kitu chepesi hakikai pale kilipotupwa. Kinapaa, kinanasa kwenye miiba ya migunga, kinatua mtaroni kusubiri mvua ya kwanza, au kinaingia zizini. Na mji umekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Kila mmoja wao anakwenda sokoni, au anamtuma mtu.

La nne ni la mfukoni: unabeba nini, na una shilingi ngapi.

Rambo: kipimo, si chaguo

Rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki, au malboro kama wengine walivyoiita, ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangaza hilo bungeni, hapa hapa Dodoma, mwezi Aprili mwaka huo. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu 2006. Ukikutwa nayo, kanuni zinataja faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Basi haimo kwenye orodha ya kuchagua. Naitaja kwa kuwa watafiti wengi wanaipima mifuko mingine kwa kuilinganisha nayo.

Tuitendee haki: kiwandani rambo ilikuwa hodari. Kifuko cha gramu 8 tu kilibeba kilo kadhaa za viazi. Ndiyo maana wakala wa mazingira wa England, katika ripoti yake ya 2011, uliona kwamba mfuko wa kaki unatakiwa utumike mara 3, wa aina ya mbadala mara 11, na wa pamba mara 131, ndipo madhara yake kwa joto la dunia yashuke chini ya yale ya rambo iliyotumika mara moja ikatupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao Nairobi, lilikusanya tafiti mbalimbali mwaka 2020 na kupata picha inayofanana: kaki mara 4 hadi 8, mbadala 10 hadi 20, pamba 50 hadi 150.

Kuna wanaozisoma namba hizo wakasema marufuku ilikuwa ya bure. Mimi sisemi hivyo. Namba hizo zinapima joto la dunia, hazimpimi mbuzi.

Jirani yangu alikuwa na beberu aliyeanza kukonda huku tumbo likimvimba upande wa kushoto. Alipewa dawa ya minyoo, akapewa majani mazuri, wapi. Mwishowe akachinjwa kabla hajafa mwenyewe. Tumbo kubwa lilipopasuliwa, katikati ya majani kulikuwa na bonge la kijivu, kubwa kama ngumi mbili, limesokotana kama kamba ya katani iliyolowa. Mchinjaji alilivuta, likaja na kipande cha kamba na ncha ya mpini wa rambo, bado ina rangi yake ya bluu. Plastiki haiyeyuki tumboni na haipiti kwenda mbele, inakaa na kujikusanya mpaka chakula kinakosa nafasi. Hilo hutaliona kwenye hesabu ya gesi ya ukaa, na kwa mkoa unaoishi kwa mifugo kama huu, haliwezi kuachwa pembeni.

Mfuko mbadala

Wengi tunauchukulia kama kitambaa. Si kitambaa. Ni plastiki ya polipropilini iliyofanywa nyuzi, nyuzi zikabanwa kwa joto bila kufumwa. Ukitaka kuhakikisha, kata ncha yake uichome kwa kiberiti. Pamba huungua ikaacha majivu na harufu ya karatasi. Mbadala hujikunja, hudondosha tone, na tone likipoa linakuwa kidonge kigumu.

Kiwandani, basi, ni mafuta ya petroli kama rambo, ila mengi zaidi kwa kila mfuko. Hapa lakini ile namba 11 ya England inahitaji kurekebishwa. Mfuko walioupima wao ulikuwa na gramu zaidi ya 100, lile begi nene la supamaketi. Wetu wa mia mbili ni mwepesi zaidi. Viwango vyetu vinataka gramu 70 kwa mita ya mraba. Chukua mfuko wa upana wa sentimita 30 na urefu wa 40, pande mbili: unapata gramu 17 hivi, ongeza mipini na mikunjo, sema 20. Ni uzito wa rambo mbili na nusu. Kwa hesabu hii ya jikoni, safari tatu zinatosha kuulipia deni lake la kiwandani.

Tatu tu! Halafu jiulize ni mifuko mingapi mbadala umewahi kuifikisha safari ya tatu.

Shida iko kwenye kudumu. Mfuko uliotimiza gramu zake, wenye mipini iliyoshonwa kwa uzi, unakwenda sokoni miezi. Ulio chini ya hapo, wenye mipini iliyobandikwa kwa moto tu, huachia kwenye kilo mbili za viazi ukiwa unapanda daladala. Uinue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, mwachie mwenyewe. Tazama pia kama umeandikwa jina la mtengenezaji, maana ule usio na jina mara nyingi ndio usio na gramu.

Mwisho wake hauridhishi. Haupai sana kama rambo kwa kuwa ni mzito kidogo, hilo ni nafuu ya kweli. Lakini jua letu linautafuna. Niliwahi kufunikia pipa la nje kwa mbadala kuanzia Juni. Ilipofika Oktoba nilipoushika uliachia vumbi la nyuzi mkononi, kama unga wa rangi ya kijani. Plastiki ile haijaisha, imegawanyika tu vipande visivyookoteka. Kuuchoma uani nako ni kujipaka moshi wewe na watoto.

Unamfaa nani? Mtu wa safari za ghafla, kwa sharti moja: ukunjwe na kukaa ndani ya mkoba muda wote. Unakunjika ukawa kama leso, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Ukilowa maji ya samaki, suuza kwa maji ya baridi, anika kivulini.

Mfuko wa kaki

Kwa macho, huu ndio msafi kuliko yote. Rangi ya udongo, unanukia mbao, hauna aibu. Kiwandani hauko hivyo. Karatasi ya aina hii hutoka kwenye miti ya misonobari inayokatwa vipande, ikapikwa kwa kemikali hadi nyuzi ziachane, ikaoshwa kwa maji mengi, ikakaushwa kwa moto. Kwetu karatasi ya kaki inatengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi. Na ni nzito: ule uliopimwa England ulikuwa na gramu 55, karibu rambo saba. Lori linalobeba mifuko elfu kumi ya kaki linabeba mzigo wa kweli.

Ukitumika mara tatu au nne, deni limelipwa. Lakini mara tatu! Mwaka jana nilinunua zabibu, msimu wake, kilo mbili, zikiwa zimetoka kunyunyiziwa maji ziwakewake mezani. Muuzaji akazitia kwenye kaki. Nilitoka getini vizuri. Nilipofika kwenye bajaji kitako cha mfuko kilishalowa na kugeuka rangi, na nilipokaa kikafunguka chote kwa mara moja bila hata sauti. Dereva alikuwa muungwana, tuliokota pamoja.

Kwa vitu vikavu ni hadithi nyingine. Maharage, karanga, ubuyu, mkate, sabuni: kaki inarudi nyumbani salama na inaweza kwenda tena mara mbili tatu.

Mwisho wake ndio unaong'aa. Mbuzi akiila, imekwenda. Ukiichimbia kwenye shimo la mboji na maganda, mvua mbili tatu hazipiti. Ikipeperuka haiwi mzigo wa miaka. Doa lake ni pale inapozikwa kwa wingi dampo bila hewa, ambapo karatasi ikioza hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko kaboni dayoksaidi. Usiipeleke dampo, basi, kama una kiwanja chenye shimo.

Kuna kaki ya pili tunayoisahau: bahasha zinazogundishwa kwa uji wa ngano na kina mama majumbani, kutokana na mifuko ya saruji, magazeti na makaratasi ya ofisini. Hiyo haijakata mti mpya. Nimekula vitumbua nikisoma majibu ya mtihani wa darasa la sita (mtoto alikosa swali la sehemu, pole yake). Kwa vitunguu na mkaa ni sawa kabisa. Kwa chakula kinacholiwa papo hapo, iliyotokana na mfuko wa saruji usiikubali hata ikipigwa vumbi mara ngapi.

Kikapu

Hapa natangaza maslahi: napenda vikapu, na mama yangu ndiye aliyenipa wangu. Nitajitahidi kuwa mwadilifu.

Vya milulu vinavyofika Dodoma vingi vinatoka Iringa, vinasukwa kwa mkono na kina mama, na milulu yenyewe ni mmea wa majini unaojiotea. Hakuna tanuri, hakuna kemikali ya kupikia mbao, hakuna mafuta isipokuwa ya basi la kilomita 260 hivi kupitia Mtera, ambalo lingekuja tu. Kwenye swali la kwanza sioni cha kukishinda, labda kitu kilichokuwepo tayari nyumbani.

Kudumu kinadumu. Changu kina miaka sita, kimeshaunganishwa mpini mara moja kwa ngozi na fundi viatu kwa shilingi elfu mbili. Kinasimama chenyewe. Ukikiweka chini kwenye bajaji, mayai yanabaki juu na viazi chini kama ulivyovipanga, hakuna mfuko wa kitambaa unaoweza hilo. Nyanya hazipondeki. Kwa mwendo wa mara tatu kwa wiki, safari 156 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya safari mia tisa.

Mwisho wake ni jikoni au shambani. Kikichoka kinawasha moto, au kinakuwa kiota cha kuku, au mchwa wanakimaliza na hakuna anayekasirika.

Sasa kasoro. Hakikunjiki, na hii ni kasoro kubwa kuliko wapenda vikapu tunavyokiri. Huwezi kukaa nacho ofisini Mtumba kuanzia saa moja asubuhi ukisubiri saa kumi. Mtu anayepitia sokoni njiani hatakuwa nacho, basi. Dagaa na unga vinapenya kwenye matundu. Kikilowa maji ya nyama kinanuka na kuota ukungu usipokianika. Na bei ya kuanzia ni elfu kumi na kuendelea kwa kikapu cha maana, pesa ambayo kwa mtu anayehesabu mia tano tano haipo mkononi kwa mara moja.

Hata hivyo, tuhesabu. Mbadala wa mia tatu kila uendapo, mara tatu kwa wiki, wiki 52: ni shilingi 46,800 kwa mwaka. Mia mbili mia mbili nazo zinafika 31,200.

Ndugu yake kikapu ni kapu la mikanda ya plastiki, lile la rangi rangi. Linaoshwa, halivuji sana, linaishi muda mrefu. Mwisho wake ni wa plastiki tu, ila ni mwisho mmoja baada ya miaka mingi.

Mfuko wa kitambaa

Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Pamba inasikika kama kitu cha shambani, cha bibi. Ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote: 131 kwa England, na utafiti wa Denmark wa 2018 ukatoa namba iliyozunguka dunia nzima, mara 7,100. Hiyo 7,100 isikutishe kupita kiasi. Ilipatikana kwa kuchukua kipimo kibaya kuliko vyote, kile cha tabaka la ozoni. Kwa joto la dunia peke yake, utafiti huo huo ulisema mara 52 kwa pamba ya kawaida.

Kwa nini kubwa hivyo? Kulima, dawa za wadudu, kuchambua, kusokota, kufuma, kutia rangi, na mwishowe mfuko wa gramu 180 hivi. Pamba ya kwetu, ya Simiyu na Shinyanga, inalimwa na wakulima wadogo kwa mvua, bila mashine za kumwagilia, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi, na kitambaa unachoshonea huenda kimevuka bahari mara mbili. Kitenge cha mtaani nacho mara nyingi kina poliesta ndani yake. Kile kipimo cha kiberiti kitakuambia.

Mara 131 ni nyingi lakini si ndoto. Ukienda sokoni mara tatu kwa wiki, unazimaliza kwa wiki 44. Mfuko ulioshonwa vizuri, mipini ikapita mpaka chini ya kitako, unafika huko bila taabu. Unafuliwa, unakunjika, haukati vidole. Kasoro yake ni kwamba unakunywa maji ya kila kitu, na kufua kunahitaji maji, ambayo kwenye mitaa yetu yana ratiba.

Tofauti kubwa ni mfuko huo umetoka wapi. Ulionunuliwa mpya kwenye maonesho wenye maneno ya kuokoa dunia, na wa pili, na wa tatu wa semina, unabeba deni lake lote kila mmoja. Ulioshonwa na fundi cherehani kwa vipande vilivyobaki, au kwa shati la baba lililochakaa kola, hauna deni karibu lolote, kwa kuwa kitambaa kilishafanya kazi yake ya kwanza. Mpe fundi suruali ya jinzi iliyochanika magoti: unapata mfuko wa kubeba mawe.

Kiroba

Hakipendezi. Kina maandishi ya sembe ubavuni na nyuzi zinazochomoza. Lakini kwenye hesabu za mazingira ni mchezaji asiyesemwa.

Kiroba ni polipropilini pia, ila imefumwa, si kubanwa. Kilitengenezwa kubeba kilo 25 au 50 za unga, mahindi au sukari, na kazi hiyo kimeshaifanya. Ukikishonea mikanda kikawa mfuko wa sokoni, hujatengeneza plastiki mpya hata gramu moja. Kinabeba kilo ishirini bila kulalamika. Wanaopanda Kibaigwa kununua mahindi, au wanaorudi mnada wa Msalato na mzigo, hawajawahi kuhitaji somo hili.

Masharti ni mawili. Kisiwe kilichobeba mbolea au dawa ya shambani, kwa sababu kuosha hakutoshi kukifanya cha chakula. Na kisikae juani. Jua likikipata kinaanza kutoa nyuzi nyeupe ndefu, na nyuzi hizo kwa kuku na mbuzi ni hatari kama rambo ilivyokuwa. Kikianza kuchanika kifunge, kiende na gari la taka hadi dampo la Chidaya, kisiachwe uani kuwa kifuniko cha kuni.

Kile kifuko kilicho ndani ya mfuko

Kabla ya kuchagua, tazama jinsi muuza nyama anavyokupa nusu kilo. Kwanza kwenye nailoni angavu, halafu ndiyo kwenye mbadala. Muuza dagaa hivyo hivyo, muuza karanga hivyo hivyo. Vifungashio vya aina ile vimeruhusiwa kwa kufungashia bidhaa, havikuruhusiwa kugeuka mifuko ya kubebea, na mitaani mpaka huo unavukwa kila saa. Unaweza kwenda na kikapu kizuri cha milulu ukarudi na nailoni sita ndani yake, nyepesi kuliko rambo, na upepo wa Agosti unazijua.

Dawa yake ni ya kizamani: bakuli la plastiki lenye mfuniko kwa nyama, kindoo kidogo kwa samaki. Mara ya kwanza muuzaji atakushangaa. Mara ya tatu atakuwa anakipima kitupu kwanza kwenye mizani kabla hujamkumbusha.

Sasa wewe uko wapi?

Unapitia sokoni ukitoka kazini, hujui leo utanunua nini. Chukua mbadala mmoja mzito wenye mipini iliyoshonwa, au mfuko wa kitambaa cha zamani, uukunje ukae kwenye mkoba siku zote. Kikapu si chako, hata kama ni kizuri. Ukisahau siku moja, nunua kaki kama mzigo ni mkavu.

Unakwenda mara moja kwa wiki, umejipanga, una bajaji au gari. Kikapu, au kapu la mikanda. Unga na dagaa vitie kwenye vyombo ndani yake.

Unachukua mzigo wa mwezi: mchele, unga, viazi debe zima. Kiroba. Usinunue mifuko mitano mbadala kubeba kilicho na kiroba chake tayari.

Huna elfu kumi ya kikapu. Usikope kwa ajili ya mazingira. Nguo kuukuu na fundi wa jirani watakupa mfuko kwa nauli ya daladala mbili tatu, na kwenye hesabu ya kiwandani unawashinda wenye mifuko ya semina.

Unauza genge au kibanda. Kwa vitu vikavu bahasha za magazeti zinakutosha. Kwa wateja wa kila siku, jaribu kuwapunguzia hamsini wakija na mfuko wao. Kuna mama mmoja Nkuhungu anaongeza nyanya moja badala ya hamsini, na meza yake sasa ina foleni ya vikapu.

Nyumba yenu ina mbuzi au ng'ombe wanaojichungia, au mnachoma taka uani. Hapo swali la jalalani lipewe uzito kuliko la kiwandani: kaki, kikapu na pamba tupu kwanza, mbadala na kiroba viwe vichache, na kila kimoja kijulikane kilipo.

Na kama wewe ni kama mimi, una ishirini na sita nyuma ya mlango, hakuna cha kununua. Nimechagua mizima minne. Mmoja uko kwenye mkoba, mmoja kwenye meza ya ofisini, mmoja kwa kijana wa bodaboda anayenipeleka kila siku, mmoja msumarini. Iliyobaki nimempelekea yule kijana wa mezani Majengo. Aliikagua mmoja mmoja, akautupa pembeni ule mweusi wa mpini mmoja, mingine akaikunja. "Dada," akasema, "hii si nilikuuzia mimi mwenyewe?"